Tunashuka Kitonga

Ndugu msikilizaji, leo naomba nianze kwa kuungama. Mwaka 2003, nikiwa bado mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari, nilipanda basi Mbeya kurudi chuoni Dar es Salaam. Nilipangiwa kiti cha watu watatu. Dirishani alikaa mama mmoja kijana, mtoto mchanga kifuani, na mwingine wa miaka kama mitatu amembana katikati ya magoti. Tangu Uyole hadi Makambako yule mchanga alilia. Kutoka Makambako hadi Iringa alilala, nami nikashukuru. Tulipoanza kuteremka mlima Kitonga akalia tena, safari hii kilio cha mtu anayeumia, kisha akatapika, na matapishi yakaifikia sketi yangu niliyoipiga pasi usiku kucha.

Sikutoa neno la pole. Nilimwita kondakta, nikamwambia anitafutie kiti kingine, na nilisema kwa sauti ya kutosha ili abiria wasikie. Kondakta akanihamishia nyuma. Yule mama alitamka maneno mawili tu: "Samahani, dada." Nikaenda zangu nyuma, nikafungua gazeti, nikajiona nimepata haki yangu.

Jina lake sikulijua, wala sikupata kumwona tena. Lakini miaka kumi na mmoja baadaye nilikutana naye kwa namna nyingine, na hiyo ndiyo habari ninayotaka tuzungumze leo: habari ya kusafiri safari ndefu ukiwa na watoto wadogo.

Mwaka 2014 mume wangu alikwenda Uingereza kusoma. Mimi nilibaki Mbeya na watoto wawili wa kiume, mkubwa akiwa na miaka minne na mdogo akiwa amezaliwa Machi mwaka huo huo. Ilipofika Novemba, baada ya kukusanya akiba na kukopa kidogo, tukaamua nichukue likizo niwapeleke watoto wakamwone baba yao. Kwa mtu ambaye hajasafiri na watoto, jambo hilo huonekana ni tiketi na viza tu. Ngoja nikueleze.

Kwanza ni makaratasi. Siku hizi mtoto hasafiri kwa pasi ya mama yake. Kila mmoja, hata wa miezi minane asiyejua kukaa vizuri, anatakiwa awe na pasi yake. Pasi inataka cheti cha kuzaliwa. Hapo Mbeya tulikuwa na bahati, kwa sababu mwaka 2013 mkoa wetu ulianza utaratibu wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo, katika vituo vya tiba na ofisi za kata. Cheti cha mdogo kilipatikana kwa urahisi kuliko nilivyotazamia. Kumpiga picha ya pasi ndiyo iliyokuwa kazi, kwa maana mtoto wa miezi minane ukimwambia atazame mbele, yeye anatazama taa. Kisha nilibeba barua ya idhini ya mume wangu, iliyothibitishwa na wakili, kwa kuwa mzazi mmoja akisafiri na watoto nje ya nchi anaweza kuulizwa mwenzake yuko wapi na kama ameridhia.

Uwanja wa ndege wa Songwe ulikuwa umekwisha kufunguliwa tangu mwaka 2012, na ningeweza kuruka kutoka pale hadi Dar es Salaam. Lakini nauli ya watatu ilinishinda, na tena mama yangu anaishi Iringa, mtaa wa Kihesa, na asingenisamehe kuwapitisha wajukuu wake juu ya kichwa chake bila kuwashusha. Kwa hiyo tukaondoka kwa basi.

Msikilizaji, nakuungamia tena. Pale kituoni sikumkatia mkubwa tiketi. Nilipiga hesabu ya nauli, nikasema moyoni, huyu nitampakata, nitambana hapa hapa. Yaani nilifanya kama yule mama wa mwaka 2003, ambaye nilimwona hana adabu kwa kuwabananisha watu. Mkubwa nikamweka katikati ya magoti, mdogo kifuani, mfuko wa nepi miguuni, chupa ya uji kwapani. Uyole hatujaimaliza, mikono imekwisha.

Lakini basi la nyanda za juu lina mambo yake. Mzee aliyekaa jirani yangu alimtazama mkubwa kwa muda, kisha akamvuta akamketisha pajani pake, akaanza kumwonyesha mashamba ya mpunga ya Igurusi na Chimala. Mama wa kiti cha nyuma akanyoosha mikono juu ya kiti, akasema, "Lete huyo, mwenzangu, nawe upumue." Hakuniuliza jina. Kabla hatujafika Makambako mwanangu mdogo alikuwa amepita mikononi mwa watu wanne, akarudi kwangu amelala, na kipande cha ndizi mkononi ambacho mpaka leo sijui alipewa na nani. Dereva aliposimamisha basi porini na abiria wakashuka kuchimba dawa, mzee yule ndiye aliyempeleka mkubwa. Walirudi wakicheka, nami nilifika Iringa nikiwa nimechoka kama abiria wa kawaida.

Mama yangu alinipokea, akafungua mizigo yangu bila kuomba ruhusa. Alitoa nusu ya nguo za watoto, akatoa viatu vitatu. Mahali pake akatia kanga mbili, mbeleko ya kitambaa kizito, na blauzi moja ya kwangu mimi. Akasema, "Mtoto akitapika unambadilisha mtoto. Na wewe je, utakwenda kumwona mumeo unanuka?" Jirani mmoja alishauri nimpe mdogo dawa ya maji ya kikohozi ili alale njia nzima. Mama alikataa, na nesi niliyemuuliza kesho yake alimuunga mkono: dawa ya kulaza mtoto si kitu cha kumpa kwa kukisia, maana yapo madawa yanayoweza kuizuia pumzi ya mtoto mdogo, na wengine badala ya kulala huchangamka zaidi. Nalisema hili kwa sababu najua wapo wanaolifanya.

Siku ya tatu tukapanda basi la Dar es Salaam. Safari hii nilimkatia mkubwa kiti chake, kwa amri ya bibi yake na fedha za bibi yake. Ilula akapanda bibi mmoja mwenye tenga la nyanya, akakaa ng'ambo ya njia. Tulizungumza kidogo, akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda ng'ambo kwa ndege. Akatikisa kichwa, akanyamaza. Tulipokaribia Kitonga, mdogo alikuwa amelala. Bibi akanigusa bega, akasema, "Mwanangu, mwamshe umpe ziwa. Tunashuka Kitonga."

Nikamwambia, "Bibi, amelala, nikimwamsha atalia."

Akajibu, "Usipomwamsha ndiyo atalia."

Nikamwamsha, nikampa ziwa. Mkubwa akapewa kipande cha muwa atafune. Basi likaanza kukata kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, malori yamepangana yakipanda kwa kunguruma. Masikio yangu yakaziba, yakazibuka. Mtoto akawa ananyonya na kutazama dari. Tulifika chini Ruaha Mbuyuni, penye joto na wauza vitunguu, bila kilio hata kimoja.

Baadaye nilisoma sababu yake, na naomba niieleze kwa lugha nyepesi. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kimeunganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Ukiwa mlimani hewa ni nyepesi. Ukishuka, hewa ya nje inakuwa nzito na kuisukuma ngoma ya sikio kwa ndani, mpaka ule mrija ufunguke na kusawazisha. Mrija hufunguka mtu anapomeza mate au kupiga mwayo. Mtu mzima anameza bila kufikiri. Mtoto mchanga, ambaye mrija wake ni mwembamba zaidi, hajui afanye nini, na maumivu humfanya alie. Akinyonya anameza, na akimeza anapona. Yule mtoto wa mwaka 2003, msikilizaji, hakuwa mkorofi wala hakukosa malezi. Inaelekea masikio yalikuwa yanamuuma, na mama yake hakuwa na mkono wa kufungulia blauzi kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umemshika mkubwa asiteleze kwenye kona.

Hayo hayo hutokea ndani ya ndege. Ndege kubwa huruka zaidi ya mita 10,000 juu, mahali ambapo binadamu hawezi kuvuta pumzi akaishi. Kwa hiyo hewa ya ndani hushindiliwa kwa mitambo, lakini haishindiliwi mpaka iwe kama ya pwani. Kwa kawaida huachwa iwe kama ya mahali penye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400. Sisi wa Mbeya, ambao mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, tunaweza kusema kwamba mtu akipanda ndege Dar es Salaam anapelekwa kwanza Uporoto, anakaa huko saa kadhaa, kisha anateremshwa tena. Na anapoteremshwa ndipo watoto wote wa ndege nzima huanza kulia kwa pamoja. Abiria wengine wanadhani wameambukizana utundu.

Basi, tukafika Ubungo, ambako ndiko kilikokuwa kituo cha mabasi ya mikoani kabla ya kuhamia Mbezi mwaka 2021, tukalala kwa ndugu, na kesho yake tukaenda uwanja wa ndege. Ndege yetu ilipitia Muscat, safari ya zaidi ya saa tano. Mkubwa alikuwa na kiti chake, kwa sababu katika ndege mtoto akifikisha miaka miwili sharti awe na kiti chake mwenyewe. Mdogo alipakatwa, lakini hata yeye nilipewa mkanda mdogo wenye kitanzi, unaounganishwa na mkanda wa mama. Niliutazama ule mkanda kwa muda. Siku chache kabla nilikuwa nimemsafirisha mtoto wa miaka minne kutoka Mbeya hadi Iringa, zaidi ya kilomita 300, akiwa hana kiti wala mkanda, na hakuna aliyeona ajabu, nikiwamo mimi mama yake.

Ndege ilipokuwa ikipanda, taa ya kufunga mikanda ikiwaka, mkubwa alinivuta mkono, akauliza kwa sauti ya kusikika safu tatu: "Mama, dereva atasimama wapi tuchimbe dawa?" Watanzania waliokuwa karibu waliangua kicheko. Mimi sikucheka, maana nilijua swali lile lilikuwa la kweli na taa ingali inawaka.

Saa moja baadaye mdogo akaanza kulia. Nilimpa ziwa, akakataa. Nilisimama naye, nikambembeleza, mhudumu akaja na kile kitanda kidogo kinachopachikwa ukutani, lakini kila nilipomlaza aliamka. Hewa ya ndege ni kavu sana, pua yake ilikuwa imeziba. Bwana mmoja aliyekaa kiti cha pembeni alivaa vidude vya masikioni, akavivua, akapumua kwa nguvu, kisha akamwita mhudumu. Sikuhitaji kusikia alilosema. Niliona kidole chake kikionyesha nyuma. Akahamishwa. Alipopita mbele yangu nikasikia mdomo wangu unasema, "Samahani, kaka."

Wakati ule ndipo nilipomwona yule mama wa mwaka 2003. Nilimwona vizuri kuliko nilivyomwona siku ile aliponikalia bega kwa bega. Niliikumbuka hata kanga yake. Nililia, msikilizaji, nikiwa nimesimama katikati ya njia ya ndege na mtoto begani, na mkubwa akaanza kulia kwa kuniona mimi.

Kile kiti kilichoachwa wazi hakikukaa wazi muda mrefu. Alikuja mama mtu mzima, amejitanda buibui, akaketi. Akasema kwa Kiswahili cha Unguja, taratibu kabisa, "Mwanangu, nipe mtoto nikupakatie, nawe ule. Chakula kinapoa." Alikuwa anakaa Muscat kwa wanawe tangu miaka mingi, na alikwenda Unguja kuhani msiba. Alimchukua mdogo, akamlaza kifudifudi mapajani, akawa anampapasa mgongo na kumwimbia kwa chini chini. Mtoto alilala mpaka Muscat. Mimi nilikula chakula chote, nikampeleka mkubwa chooni mara mbili, nikalala nusu saa. Nusu saa ile siwezi kuilipa.

Tulipoachana uwanjani nilitaka kumpa kanga moja katika zile za mama. Akaikataa, akasema nimpe mwingine mbele ya safari.

Ndege ya pili, ya zaidi ya saa saba, haikuwa na mzee wa Chimala wala bibi wa Ilula. Watu hawakuwa wabaya. Kila mtu alikuwa na kioo chake mbele ya uso, na pengine walidhani kumshika mtoto wa mtu ni kumwingilia. Nilipotaka kwenda chooni nilimfunga mdogo mgongoni kwa mbeleko, nikamshika mkubwa mkono, tukaingia watatu katika chumba kisichomtosha mtu mmoja. Usiniulize tulivyogeuka.

Mwishowe rubani akatangaza kwamba tumeanza kuteremka kuelekea London. Mdogo alikuwa amelala. Nilimwamsha, nikampa ziwa. Nilitoa pipi mfukoni nikampa mkubwa, naye akaniangalia, akatazama dirishani kwenye mawingu meupe, akauliza, "Mama, tunashuka Kitonga?"

Nikamwambia, "Ndiyo baba, tunashuka Kitonga."

Ndugu msikilizaji, sikuyasema haya ili kujisifu kwamba nimepanda ndege. Walio wengi kati ya akina mama wanaonisikiliza sasa watasafiri na watoto wao kwa basi, Mbeya hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, au Iringa hadi Mbeya kwenda hospitali ya rufaa. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo wapo watakaoshuka Kitonga gizani, mtoto kifuani na mwingine magotini. Hao ndio ninaowafikiria.

Mtoto ni abiria. Angani tumekwisha kulikubali hilo, kiasi cha kumpa mkanda mtoto wa miezi minane. Barabarani bado tunamhesabu pamoja na mizigo. Mtoto asiye na kiti, breki ikikamatwa ghafla, hana cha kumzuia isipokuwa mikono ya mama yake, na mikono ya mama haina nguvu ya kushinda uzito wa gari lililosimama ghafla. Najua nauli ni ghali. Nimekwisha kukwambia kwamba mimi mwenyewe niliiogopa. Kwa hiyo nawaomba wenye mabasi wafikirie nauli nafuu ya mtoto inayompa kiti kamili, ili mama asilazimike kuchagua kati ya kiti cha mwanawe na chakula cha njiani. Nawaomba makondakta wasiwapange wenye watoto nyuma kabisa kwenye mitikisiko. Nawaomba akina baba, mnapowasindikiza wake zenu kituoni na kuwapungia mkono, mjiulize mkono wa pili wa safari hiyo ni wa nani.

Na sisi abiria wengine, ambao siku hiyo hatuna mtoto, wahenga walitwambia kwamba mkono mmoja haulei mwana. Hawakusema mkono wa pili ni lazima uwe wa ndugu. Ukikaa karibu na mama mwenye mtoto anayelia, usimtafute kondakta. Mwulize kama amekula. Mshikie chupa. Na ukiona mlima unakaribia, mkumbushe.

Mwezi uliopita nilisafiri kikazi kwenda Iringa. Makambako akapanda binti mmoja na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, akaketi karibu nami. Mchanga akaanza kulia. Nilinyoosha mikono, nikasema, "Lete huyo, mwanangu, nawe upumue." Alinitazama kidogo kwa wasiwasi, kisha akanipa. Alitapika kabla ya Mafinga, juu ya blauzi yangu. Nilikuwa nimebeba nyingine.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, nawatakia safari njema. Kwaherini.